Vihatarishi Visivyofika Mirembe: Kujiua Kama Jambo la Kata

Mhadhara uliotolewa Nzuguni, Jiji la Dodoma, mbele ya viongozi wa mitaa, viongozi wa dini, walimu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wananchi.

Nawashukuru kwa kukubali mada ambayo kamati nyingi zingeomba ibadilishwe iwe ya kilimo au ya mikopo. Nitawaambia mapema kwamba kilimo na mikopo vimo humu ndani, tena si kwa pembeni. Shabaha yangu usiku huu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya yanayomsogeza mtu kwenye kujiua hukaa nje ya faili la daktari, na kwa hiyo sehemu kubwa ya kinga iko mikononi mwa watu mliokaa kwenye viti hivi, ambao hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kazi hiyo ni yenu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 727,000 walikufa kwa kujiua duniani kote. Karibu robo tatu yao, asilimia 73, walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 29, hiki kilikuwa chanzo cha tatu cha vifo. Sasa, sisi wa Dodoma tuna namna yetu ya kulipokea jambo hili. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe imekuwa hapa tangu 1927, na jina lake limezoeleka nchi nzima kiasi cha kuwa utani wa vijiweni: ukifanya jambo lisiloeleweka, unaambiwa upelekwe Mirembe. Kwa kuwa hospitali ni jirani, imekuwa rahisi kuamini kwamba kila kinachohusu mtu kukata tamaa ya kuishi kina wenyewe, na wenyewe wako kule. Mirembe inafanya kazi kubwa, na nitaomba mbele tuitumie zaidi ya tunavyoitumia. Ninalopinga ni kuikabidhi mizigo ambayo haina uwezo wa kuibeba.

Hoja ya kwanza: ugonjwa wa akili ni kihatarishi kikubwa, lakini peke yake haujibu swali.

Kwa miaka mingi vitabu vya tiba vimerudia kwamba watu tisa katika kila kumi wanaojiua walikuwa na ugonjwa wa akili. Hesabu hiyo ilitoka hasa Ulaya na Marekani, kwa njia ya kuwahoji ndugu baada ya kifo na kujaribu kumpima marehemu kwa maneno ya waliobaki. Njia hiyo ilipotumika China, katika utafiti wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2002, ilipata asilimia 63, na hasa vijijini walionekana watu wengi waliokufa baada ya mgogoro mkali wa muda mfupi, bila ugonjwa unaotambulika. Mwaka 2018 kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa kilitoa takwimu za majimbo 27: asilimia 54 ya waliojiua hawakuwa na tatizo la afya ya akili lililojulikana. Heidi Hjelmeland wa Norway, ambaye amefanya utafiti kwa miaka mingi pamoja na wenzake wa Uganda, ameihoji hata njia yenyewe: ndugu mwenye uchungu na hatia, anayeulizwa miezi kadhaa baadaye na mtu anayetafuta dalili, atampa dalili anazozitafuta.

Hapa najua pingamizi linalokuja, tena ni pingamizi zuri. Mtu atasema: "Kutojulikana kwa ugonjwa si sawa na kutokuwapo kwake." Katika bara ambalo, kwa tamko la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2022, kuna daktari bingwa mmoja wa magonjwa ya akili kwa kila watu 500,000, nani angewapima hao? Nakubali. Wapo wengi wenye sonona ambao hawajawahi kuonana na daktari, na kila mmoja wao anastahili tiba. Lakini tufuate hoja hiyo hadi mwisho wake. Watu wenye sonona ni wengi mno kuliko wanaojiua. Walio wengi sana kati yao wanaishi, wanatibiwa au wanapona. Kwa hiyo hata ugonjwa ukiwapo, bado tunabaki na swali la kwa nini huyu na si yule, na kwa nini mwezi huu na si mwaka jana. Jibu la swali hilo halipatikani kwenye dalili za ugonjwa. Linapatikana kwenye kilichomkuta mtu na waliokuwa karibu naye. Pia sonona yenyewe ina inakotoka. Nitawaonyesha punde mfano ambamo fedha kidogo iliyofika mapema ilipunguza sonona na vifo kwa pamoja, bila kidonge hata kimoja.

Hoja ya pili: kuanguka kwa kipato, na fedheha inayofuata.

Angalieni kwamba sikusema umaskini. Kama umaskini peke yake ungekuwa ndiyo sababu, nyanda hizi za kati, zenye msimu mmoja wa mvua na historia ya njaa kubwa kama ile ya Mtunya ya 1917 hadi 1920, zingekuwa zimebaki bila watu. Anayeniambia kwamba maskini ni mamilioni na hawajiui ananisaidia kuikaza hoja. Kinachoonekana katika ushahidi ni mshtuko: kushuka ghafla kutoka pale ulipokuwa, ukiwa umeahidi, ukiwa unatazamwa. Nchini Indonesia wanauchumi walifuatilia mpango wa serikali wa kuzipa fedha kaya maskini, ulioanza mwaka 2007 na kuenea wilaya ndogo moja baada ya nyingine, jambo lililowawezesha kulinganisha waliotangulia kupata na waliochelewa. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019, vifo vya kujiua vilipungua kwa asilimia 18 pale fedha zilipofika. Mvua nazo zilionekana katika hesabu hizo: msimu mzuri kwa wakulima uliambatana na vifo vichache, na fedha za mpango ziliupunguzia makali msimu mbaya. Sonona nayo ilishuka. Wakulima wa mtama, uwele na alizeti waliomo humu hawahitaji nifafanue maana ya msimu mbaya. Ninachowaomba wakubali ni kwamba orodha ya kaya maskini zinazopata fedha za Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), ile tunayogombania kwenye mikutano ya mtaa kana kwamba ni zawadi ya mwenyekiti, ni sehemu ya kinga ya uhai. Kuipanga kwa upendeleo ni kosa zito kuliko tunavyolichukulia.

Twende kwenye madeni, maana hapa Nzuguni, penye stendi kuu ya mabasi na Soko la Job Ndugai, fedha inazunguka haraka na mkopo nao unazunguka haraka. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha tunayo tangu 2018. Hata hivyo watu wanaendelea kukopa kausha damu, mkopo ambao marejesho yake ni ya kila siku au kila wiki na riba yake humfanya mkopaji akope kwingine ili alipe hapa. Tuangalie kinachouma hasa katika mkopo huo. Deni ni namba. Kinachomvunja mtu ni wanakikundi aliokopa nao kukaa barazani kwake tangu asubuhi wakisubiri marejesho, ni godoro na masufuria kubebwa watoto wakitazama. Mikopo ya simu ikaongeza lake: baadhi ya programu zilikuwa zinachukua majina yote yaliyomo kwenye simu ya mkopaji na kuwatumia ujumbe wakwe zake, mwajiri wake, hata mchungaji wake, kwamba fulani ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza kuyafungia majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na leseni. Hatua nzuri. Ila aliyekwisha kuaibishwa mbele ya watu mia mbili haondolewi aibu kwa tangazo la benki.

Kwa nini aibu iwe nzito kuliko deni lenyewe? Dorothy Kizza na wenzake walichunguza vifo vya wanaume waliojiua katika nchi ya Waacholi, kaskazini mwa Uganda, na kuchapisha matokeo mwaka 2012. Vita na maisha ya kambini vilikuwa vimewanyang'anya wanaume hao ng'ombe, mashamba na sauti ndani ya nyumba. Kilichojitokeza ni watu walioona kwamba hawana tena nafasi ya kuitwa baba au mume kwa maana iliyokubalika katika jamii yao. Hatujapitia vita ya namna hiyo, namshukuru Mungu. Lakini tunawalea wavulana wetu kwa fundisho lile lile, kwamba mwanamume ni yule anayeleta, kisha tunashangaa asiyekuwa na cha kuleta anaponyamaza. Na dunia nzima wanaume hufa kwa kujiua mara mbili ya wanawake, kwa takwimu hizo hizo za 2021.

Hoja ya tatu: yaliyomo ndani ya nyumba.

Mwaka 1960 Paul Bohannan alihariri kitabu kuhusu mauaji na kujiua barani Afrika, na sura nyingi zilitoka Uganda na Kenya: Busoga, Bunyoro, Wagisu, Waluhya, Wajaluo. Waandishi wake walisoma mafaili ya uchunguzi wa vifo ya serikali ya kikoloni, na walichokikuta humo mara kwa mara ni ugomvi wa ndani ya nyumba: mume na mke, mzazi na mtoto, ndugu na ndugu. Vipimo vya kisasa vimelithibitisha jambo hilo kwa upande mmoja mahsusi, yaani ukatili. Shirika la Afya Duniani lilipowahoji wanawake mwanzoni mwa miaka ya 2000, hapa Tanzania asilimia 41 ya waliowahi kuwa na mwenzi jijini Dar es Salaam, na asilimia 56 mkoani Mbeya, walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenzi. Uchambuzi wa nchi zote zilizoshiriki, uliotoka mwaka 2011, ulionyesha kwamba ukatili huo unahusiana kwa nguvu na majaribio ya kujiua. Watoto nao wamo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu katika kumi, na mvulana mmoja katika saba, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Mtoto anayebeba siri hiyo huku mtuhumiwa akiitwa mjomba, na kikao cha ukoo kikiamua yaishie nyumbani, amewekewa mzigo ambao hauhitaji jina la kitabibu ili tuuogope.

Niseme neno kwa waandishi wa habari, maana naona wawili pale nyuma. Magazeti yetu yana desturi ya kumaliza maisha ya mtu kwa kichwa cha habari kimoja: kajiua kisa mapenzi, kajiua kisa deni, kajiua kisa kufeli mtihani. Mtu anaweza kudhani kwamba hotuba yangu inaunga mkono desturi hiyo. Haiungi hata kidogo. Vihatarishi hufanya kazi vikiwa vimepandana: mavuno mabaya juu ya deni, deni juu ya ugomvi, ugomvi juu ya pombe, na pombe juu ya maradhi ambayo mtu hajamwambia yeyote. Ukichomoa kimoja na kukiita sababu umesema uongo, na kijana anayesoma akiwa na kisa kama hicho unamfundisha kwamba kina mwisho mmoja. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kwa waandishi mwaka 2000: usieleze njia iliyotumika, usitangaze picha, usikifanye kifo kionekane suluhisho, na andika mahali pa kupata msaada. Miaka ishirini na zaidi ni muda wa kutosha kuusoma.

Hoja ya nne: kukosa wa karibu katika mji unaokua haraka.

Hii nitaipitia kwa kifupi. Émile Durkheim aliandika mwaka 1897 kwamba kujiua huongezeka pale ambapo mtu hana kundi la kumshika wala taratibu za kumwongoza. Mengi aliyoyasema yamepingwa, lakini hilo limedumu. Sasa tujiangalie. Dodoma iliamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, Serikali ikahamia kwa kasi kuanzia 2016, na jiji hili lililokuwa na watu 410,956 mwaka 2012 lilihesabiwa kuwa na watu 765,179 mwaka 2022. Wapo humu wenyeji ambao mashamba yao yamekuwa viwanja, na wapo wageni waliopanga chumba wasiojua jina la mwenyekiti wao wa mtaa. Wote wawili wamepoteza majirani kwa njia tofauti. Sisemi kwamba vifo vimeongezeka Nzuguni. Nasema mazingira yanayokuza upweke yapo, na ni busara kuyashughulikia mapema.

Hoja ya tano: dakika za hatari hupita, iwapo hatari haiko mkononi.

Watu wengi huamini kwamba aliyedhamiria amedhamiria, ukimzuia leo atarudia kesho. Huu ni usemi wenye madhara kuliko yote niliyoyataja. Mtafiti mmoja wa Marekani aliwafuatilia watu 515 waliozuiwa kujiua mjini San Francisco kati ya 1937 na 1971. Miaka mingi baadaye takriban asilimia 94 walikuwa hai au wamekufa kwa vifo vya kawaida. Walichohitaji ni kuvuka saa ile. Sri Lanka iliifanya hekima hiyo kuwa sera. Ilipiga marufuku, hatua kwa hatua, viuatilifu vya mashambani vilivyokuwa hatari zaidi kwa binadamu, na kati ya 1995 na 2015 kiwango cha kujiua kilishuka kwa takriban asilimia 70; watafiti wanakadiria maisha 93,000 yaliokolewa. Mavuno hayakushuka kwa sababu ya marufuku hizo. Haikuwa kwamba sonona ilitokomezwa kisiwani humo, wala kwamba mapenzi na madeni yalikwisha. Watu walipata dhiki zilezile, wakavuka usiku, wakaamka.

Nazungumza haya hatua chache kutoka viwanja vya Nanenane, ambako kila Agosti wauza pembejeo wa kanda nzima huonyesha bidhaa zao. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ndiyo yenye kusajili viuatilifu na kufuta usajili wake. Lakini duka linalomimina dawa kwenye chupa ya maji na kumuuzia yeyote anayekuja liko kwenye mtaa, na anayelijua ni mwenyekiti wa mtaa. Nyumba inayohifadhi dawa ya shamba chini ya kitanda ni nyumba yetu. Kisanduku chenye kufuli, kinachotunzwa na kikundi cha wakulima, hakihitaji bajeti ya wizara.

Hoja ya sita: sheria inayofunga midomo.

Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kutoka kwa Waingereza, Sura ya 16, kifungu cha 217, inamfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Waingereza wenyewe waliliondoa kosa hilo kwao Agosti 1961, miezi minne kabla bendera yetu haijapandishwa. Ghana imeliondoa mwaka 2023. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya, chini ya Jaji Lawrence Mugambi, ilitamka kwamba kifungu kama hicho kinapingana na Katiba ya nchi hiyo. Wanaotetea kifungu wanasema kinatisha na hivyo kinazuia. Lakini aliyefika mahali pa kutoogopa kifo hataogopa mahabusu. Wanaoogopa ni ndugu zake, ambao watamficha badala ya kumpeleka kituo cha afya, watadanganya wakiulizwa nini kimetokea, na watarudi naye nyumbani kabla hajaonana na mtu wa kuzungumza naye. Viongozi wa dini, nanyi mna fungu lenu hapa. Mnaweza kufundisha kwamba uhai ni amana ya Mungu bila kuwanyima wafiwa faraja siku ya maziko.

Limebaki pingamizi la mwisho, linalosemwa kwa kunong'ona: kwamba kulitaja jambo hili ni kuliita. Tafiti zilizokusanywa na kupitiwa mwaka 2014 hazikuona kwamba kumuuliza mtu kuhusu mawazo ya kujiua kunayaongeza. Dalili zilielekea upande wa kuyapunguza. Kwa hiyo ulizeni, tena kwa maneno ya wazi: "Umewahi kufikiria kujiua?" Akisema ndiyo, msihubiri na msimwache peke yake. Ondoeni kilicho hatari karibu naye, mtafuteni mtu anayemwamini, mfikisheni kituo cha afya au Mirembe siku hiyohiyo. Kwa mtoto, piga 116, namba ya taifa ya huduma kwa watoto. Na kama uliyemo humu ndiye unayebeba mawazo hayo usiku huu, mwambie mmoja kabla hujatoka ukumbini. Wahudumu wa afya wamekaa safu ya kwanza, na nimewaomba wabaki.

Mheshimiwa Diwani, nina maombi matatu kwa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Moja, kikao kijacho kiwe na orodha ya maduka yote ya viuatilifu yaliyomo katani, na lipi lina kibali. Mbili, vikoba vya Nzuguni, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, vikubaliane kwa maandishi kwamba hakuna mwanachama atakayefuatwa nyumbani kwa marejesho wala vyombo vyake kuchukuliwa bila shauri kupita kwa mwenyekiti wa mtaa na afisa ustawi wa jamii. Tatu, Bunge liko jijini humu humu; Septemba 10, siku ya kimataifa ya kuzuia kujiua, iwe siku ya kata hii kumkabidhi mbunge wake ombi la kukifuta kifungu cha 217. Rasimu ya ombi ninayo hapa, kurasa mbili, na ina mapengo ambayo wanasheria waliomo humu watayaona haraka.

Mwenyekiti ameniashiria kwamba tuna nusu saa ya maswali. Ningependa tuanze na wenye maduka ya pembejeo, maana nimewasema sana nao bado hawajajibu.